Somo la Ufundi: Injini Isiyotulia katika Mwendo wa Chini

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya vyama vyenye injini za mashua na pampu za maji kandokando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, pamoja na vyama vya milimani Upare ambavyo vina mashine ndogo za petroli. Linahusu kosa moja ambalo huonekana dogo, lakini hula fedha ya chama kimyakimya: injini ambayo hukimbia vizuri ikiongezewa mafuta, lakini ikiachwa itulie hutetemeka, hupanda na kushuka, au huzimika. Mwendo huo wa chini, injini ikiwa haivuti mzigo, mafundi wengi wa gereji huuita sailensi, na jina hilo ndilo litakalotumika humu.

Somo limepangwa ili lisomwe katika kikundi. Yafaa katibu alisome kwa sauti, sehemu moja kila kikao, huku injini yenyewe ikiwa mbele ya wanachama.

1. Kwa nini jambo hili ni la chama

Bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960, mahali ambapo mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana na kuwa mto Pangani. Lilikusudiwa kuzalisha umeme, kituo chake kikiwa cha megawati 8, na pia kuongoza maji ya mto kwa ajili ya kilimo. Uvuvi ulifuata upesi. Samaki, hasa perege, walikuwa wengi mno katika miaka ya kwanza, na wavuvi wakamiminika kutoka mbali. Mavuno yalifikia kilele karibu na mwaka 1970, kisha yakapungua. Leo maji hayo yamezungukwa na vijiji vya wilaya za Mwanga, Simanjiro na Moshi, na mvuvi hana tena wingi wa samaki wa kumfidia hasara ya uzembe. Faida yake ni nyembamba, na lita moja ya petroli inayoungua bure humwonekania.

Wavuvi wengi bado wanatumia kasia. Lakini pale ambapo chama kina chombo cha injini cha kukusanyia samaki, au pampu ya kumwagilia mashamba, injini hiyo ni mali ya wote. Isipotulia huleta hasara tatu.

Ya kwanza ni ya usalama. Mashua inayofuata nyavu huhitaji kwenda polepole na kusimama mara kwa mara. Injini ikizimika kila inaporudishwa nyutro, chombo hubaki mikononi mwa upepo, na mawimbi hukipiga ubavuni. Wakati huo ndio mvuvi husimama ili avute kamba ya kuwashia, na mtu aliyesimama katika chombo kinachoyumba ndiye aangukaye majini.

Ya pili ni ya mafuta. Mwendeshaji aliyechoshwa na injini inayozimika hukaza skrubu ya mwendo hadi ingurume hata pasipo kazi. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba pampu imezidishiwa hivyo na kupoteza robo lita kwa saa. Ikifanya kazi saa 6 kwa siku, kwa siku 100 za msimu, chama kitakuwa kimechoma lita 150 bila kuvuta hata ndoo moja ya ziada.

Ya tatu ni ya kuharibika. Injini ya mashua yenye sailensi ya juu, ikiingizwa gia, hugonganisha meno ya klachi. Siku moja meno hayo huvunjika. Hapo kosa ambalo lingeondolewa kwa kuzibua tundu dogo la kabureta limegeuka kuwa ununuzi wa gia mpya.

2. Sailensi ni nini, na kwa nini ni ngumu

Injini huhitaji mambo manne: mafuta, hewa, cheche na mgandamizo. Ikikimbia kwa nguvu huweza kustahimili upungufu mdogo katika lolote kati ya hayo, kwa kuwa uzito wa gurudumu linalozunguka huivusha palipo na kasoro, na mvuto wa hewa ni mkubwa. Katika mwendo wa chini msaada huo haupo. Mlango wa hewa katika kabureta umefungwa karibu wote. Petroli hupita katika jeti ndogo kuliko zote. Gurudumu lina nguvu kidogo. Na gesi iliyobanwa ina muda mrefu wa kuvuja. Kwa sababu hiyo sailensi ndiyo mpelelezi mkweli kuliko wote: ugonjwa wa injini huonekana hapo kwanza, kabla haujaonekana katika mwendo wa kasi.

Mfano wa wazi hupatikana katika aina ya injini ambayo haina pistoni kabisa, nayo ni injini ya rota. Ilitokana na kazi ya Mjerumani Felix Wankel, na ya kwanza iliunguruma mwaka 1957 katika kiwanda cha NSU. Kampuni ya Mazda ya Japani iliiweka katika gari lake la Cosmo Sport mwaka 1967, na katika gari la RX-8 kuanzia mwaka 2003 hadi 2012. Ndani yake kipande cha chuma chenye pembe tatu huzunguka, na katika kila ncha kuna kizibo chembamba cha kuzuia gesi isivuje. Vizibo hivyo vikichakaa, gari huweza kwenda vema barabarani, lakini likisimama hutetemeka na kuzimika, na likiwa la moto huwa gumu kuwaka tena. Fundi wa injini hiyo hupima mgandamizo wa kila upande wa rota kabla ya kugusa skrubu yoyote.

Injini za rota hazitarajiwi katika mialo ya Nyumba ya Mungu, lakini kanuni yake ni ileile kwa mashine zilizoko: mvujo mdogo usioonekana katika kasi huonekana katika utulivu. Anayekimbilia skrubu kabla ya kutafuta mvujo hufunika ugonjwa.

3. Maswali kabla ya spana

Mganga humuuliza mgonjwa kabla ya kumpa dawa. Fundi na katibu nao wamwulize mwendeshaji, na majibu yaandikwe:

(a) Kosa lilianza lini? Lilianza ghafla au kidogo kidogo?
(b) Lilianza baada ya nini: kununua mafuta mapya, kufunguliwa kabureta, mvua, au mashine kukaa muda mrefu?
(c) Injini huzimika ikiwa baridi, ikiwa moto, au nyakati zote?
(d) Huzimika ikiwa nyutro, au inapoingizwa gia tu?
(e) Nani aligusa skrubu mara ya mwisho?

Kosa la ghafla mara nyingi ni la mafuta, cheche au uchafu. Lililokua kwa miezi mara nyingi ni la uchakavu. Injini inayozimika tu inapoingizwa gia ikaguliwe rafadha: uzi wa nyavu au majani ya majini yaliyojizungusha huiongezea mzigo, na kabureta haina kosa.

Tahadhari: injini ya mashua isiwashwe nchi kavu. Hupozwa kwa maji inayosimamia, na pampu yake ya mpira huungua upesi ikikosa maji. Majaribio yafanywe mwaloni, au ndani ya pipa lililojazwa hadi maji yafunike tundu la kuvutia.

4. Mafuta

Uchunguzi uanzie katika tangi, kwa kuwa hapo hapahitaji spana.

Tundu la hewa la kifuniko. Likiwa limefungwa, petroli ikitoka hewa haiingii, na injini huwaka vema kisha hufa baada ya dakika chache. Mpira wa kupampu wa mashua ukinywea na kubaki umenywea, hiyo ndiyo dalili. Kifuniko kilegezwe, injini ijaribiwe tena.

Maji ndani ya petroli. Mafuta kidogo yamiminwe katika chupa safi ya kioo na kuachwa yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, nayo hujitenga chini. Tangi likiwa na maji limwagwe lote na kukaushwa, na chujio lisafishwe.

Mafuta yaliyochakachuliwa. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huwaka kwa shida injini ikiwa baridi, hutoa moshi, na huchafua plagi. Mwaka 2010 EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kukomesha udanganyifu huo. Hata hivyo chama hakina budi kujilinda: kinunue kituoni, kidai stakabadhi, na kiepuke mafuta ya madumu yasiyojulikana asili yake.

Uwiano wa oili. Injini nyingi za mashua ni za mipigo miwili, na oili yake huchanganywa na petroli. Uwiano hutofautiana kwa aina ya mashine, na kitabu cha mashine ndicho hakimu. Kwa lita 20 za petroli hesabu ni hii:

Uwiano wa 25 kwa 1: oili mililita 800.
Uwiano wa 50 kwa 1: oili mililita 400.
Uwiano wa 100 kwa 1: oili mililita 200.

Oili ikizidi, plagi hulowa na kuwa nyeusi, na injini hukohoa katika mwendo wa chini. Ikipungua, sailensi huenda isionyeshe lolote, lakini pistoni itaungua. Kukadiria kwa macho ni hatari pande zote mbili. Chama kiwe na kipimo chenye alama za mililita, kifungwe kwa kamba kwenye ghala la mafuta, wala kisitumiwe kwa kazi nyingine.

Mafuta ya zamani. Petroli iliyolala ndani ya kabureta kwa wiki nyingi huacha utando wa gundi, na tundu la kwanza kuzibwa ni la jeti ndogo ya sailensi. Mashine inapowekwa kwa muda mrefu, bomba la mafuta lifungwe na kabureta imwagwe hadi ikauke.

5. Cheche

Plagi itolewe na kutazamwa. Rangi ya hudhurungi ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi au hewa kidogo. Nyeusi iliyolowa huashiria oili nyingi au cheche dhaifu. Nyeupe huashiria petroli kidogo, hewa inayoingia pasipostahili, au joto la kupita kiasi.

Injini ya silinda mbili iendeshwe kwa muda mfupi katika mwendo wa chini peke yake, kisha izimwe na plagi zote mbili zilinganishwe. Ile iliyolowa na yenye ubaridi ndiyo ya silinda isiyofanya kazi. Plagi hizo zibadilishane mahali. Kosa likihama pamoja na plagi, plagi ni mbovu. Likibaki katika silinda ileile, uchunguzi uendelee kwenye waya, koili, kabureta na mgandamizo wa silinda hiyo.

Cheche ikijaribiwa nje, plagi igusishwe vema kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake na mbali na petroli yoyote iliyomwagika. Asiyezingatia hilo atawasha moto. Nafasi ya ncha za plagi ipimwe kwa bapa la kupimia na kuwekwa kama kitabu kisemavyo. Katika injini za zamani zenye platini, nyuso zake zikaguliwe kama zimeungua.

6. Hewa na kabureta

Hewa huweza kuwa pungufu au kuzidi. Hupungua chujio lake likiziba. Nyanda za chini za Same na Mwanga ziko katika kivuli cha mvua cha milima, na vumbi lake wakati wa kiangazi ni jingi. Chujio la pampu iliyo shambani likaguliwe kila siku ya kazi.

Hewa huzidi pale inapojipenyeza katika njia isiyo yake: gasketi ya kabureta iliyopasuka, mpira uliokauka, au, katika injini za mipigo miwili, sili za krenki zilizochakaa. Dalili ni sailensi inayopanda na kushuka yenyewe, na injini inayochelewa kushuka baada ya kupunguziwa mafuta.

Liko jaribio rahisi la kutenganisha hali hizo mbili. Injini ikiwa imepata joto na inasumbua, choki ifungwe kidogo kidogo. Ikitulia, ilikuwa na njaa ya petroli: jeti ndogo imeziba au hewa inavuja ndani. Ikizidi kukohoa na kutaka kuzima, ilikuwa imeshiba petroli: chujio limeziba, boya au sindano yake inavujisha, au choki yenyewe haifunguki yote.

Mpira wa kupampu wa mashua nao hutoa ushahidi. Injini inapoanza kufa, mpira ubanwe kwa mkono. Ikifufuka, petroli haifiki ya kutosha: utando wa pampu ya mafuta umechoka, au bomba linavuta hewa.

Jeti husafishwa kwa petroli safi na upepo wa pampu. Isichokonolewe kwa waya. Tundu lake limetobolewa kwa kipimo, na likikwaruzwa jeti hiyo haitafaa tena.

Mahali pia huhesabika. Nyumba ya Mungu iko karibu mita 690 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa kama asilimia 8 kuliko Tanga au Dar es Salaam. Injini iliyorekebishwa pwani hufika hapa ikiwa na petroli nyingi kupita haja. Ikipandishwa vijiji vya Upare vilivyo karibu na mita 1,500, tofauti hiyo huwa karibu maradufu. Kwa hiyo marekebisho ya mwisho yafanywe mahali mashine itakapofanyia kazi.

7. Mgandamizo

Mafuta, cheche na hewa vikiwa sawa na kosa bado lipo, mgandamizo upimwe kwa kipimo chake. Plagi zote zitolewe, mlango wa hewa ufunguliwe wote, na kamba ivutwe mara kadhaa hadi mshale usipande tena. Silinda za injini moja zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15. Injini ya silinda moja hulinganishwa na kitabu chake, na hasa na vipimo vyake vyenyewe vya miaka iliyopita. Ndiyo maana viandikwe.

Katika pampu za mipigo minne, nafasi ya valvu ikaguliwe injini ikiwa baridi kabla ya kuihukumu kuwa imechoka. Valvu isiyofunga vema huvujisha mgandamizo, na kuirekebisha ni kazi ya saa moja. Oili yake pia itazamwe. Baadhi ya mashine zina kifaa cha kuzima injini oili inapopungua, na kuzimika huko ni onyo la kushukuriwa.

8. Skrubu huja mwisho

Injini ipate joto kwanza. Skrubu ya mchanganyiko ikazwe taratibu hadi iguse, huku mizunguko ikihesabiwa na kuandikwa. Isikazwe kwa nguvu, maana ncha yake huharibika. Kisha irudishwe nje kwa kipimo cha kitabu; katika mashine nyingi ni mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Injini iwashwe, na skrubu igeuzwe robo kwa robo hadi mlio uwe laini kabisa. Ndipo skrubu ya mwendo ipunguzwe. Injini nyingi za mashua hutulia kati ya mizunguko 700 na 1,200 kwa dakika. Pampu nyingi ndogo hutulia karibu na 1,400. Hatimaye mashua iingizwe gia mara kadhaa. Isipozima na isipogonga, kazi imekwisha. Ikizima, uchunguzi urudi sehemu ya tatu. Skrubu ya mwendo isipandishwe ili kuficha kosa.

9. Wajibu wa katibu na Bodi

Katibu si fundi, wala hatakiwi kuwa fundi. Kazi yake ni kumbukumbu. Kila injini iwe na daftari lake, lenye tarehe, saa za kazi, lita za petroli na oili, kosa lililoonekana, kipuri kilichobadilishwa, jina la aliyeirekebisha, na mizunguko ya skrubu kabla na baada ya kazi. Lita zigawanywe kwa saa kila mwisho wa mwezi. Hesabu hiyo ikianza kupanda wakati kazi haijaongezeka, injini imeanza kuugua hata kama mwendeshaji hajalalamika.

Daftari hilo lina faida nyingine. Mara nyingi mashine ikiharibika, wanachama humshuku mwendeshaji, mwendeshaji humlaumu fundi, na fundi hudai fedha ya vipuri. Bila maandishi, mkutano hugeuka uwanja wa ugomvi, na Bodi huweza kuamua kuuza injini nzima kwa bei ya chuma chakavu, au kununua mpya kwa mkopo, wakati ugonjwa ulikuwa wa gasketi moja. Penye maandishi, Bodi huamua kwa ushahidi: kama mgandamizo umeshuka katika vipimo vitatu mfululizo, injini imechoka, kama haujashuka, itengenezwe. Hata mkaguzi wa COASCO ajapo, stakabadhi za vipuri zitakuwa na maelezo ya kuziunga mkono.

Bodi nayo ipitishe kanuni mbili. Kwanza, mtu mmoja tu, aliyetajwa kwa jina, aruhusiwe kugusa skrubu za kabureta. Pili, chombo kisiondoke mwaloni bila makasia, plagi ya akiba, spana ya plagi, na maboya ya kuvaa ya kila aliyemo. Injini nzuri huzimika pia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Injini ya mashua huzimika kila baada ya dakika kumi, na mpira wa kupampu umenywea. Ni kitu gani kitazamwe kwanza, na kwa nini?

2. Pampu ya chama hupanda na kushuka yenyewe. Choki ikifungwa kidogo, hutulia. Elezeni sababu mbili zinazowezekana, na namna ya kuzitofautisha.

3. Mwanachama ana lita 15 za petroli na uwiano unaotakiwa ni wa 50 kwa 1. Atie oili mililita ngapi?

4. Mwendeshaji amepandisha skrubu ya mwendo ili injini isizimike. Orodhesheni hasara zitakazokipata chama.

5. Je, chama chenu kina daftari la injini? Kama halipo, kikundi kiandae mfano wake na kuupeleka kwenye kikao kijacho cha Bodi.

Jibu la swali la tatu ni mililita 300. Majibu ya maswali mengine yatafutwe na wanachama wenyewe mbele ya mashine yao.